Mvumbuzi Asiyebisha Hodi

Kila nikinyunyiza maji kwenye sakafu ya duka langu hapa Bungoma kabla ya kufagia, harufu ya vumbi lililolowa hunirudisha kwenye darasa letu la sakafu ya udongo kule Tuwan, Kitale, tulilonyunyizia maji kila asubuhi.

Asubuhi moja mwalimu alitusimulia habari za mvumbuzi wa Marekani ya zamani, mzungu wa bunduki na kofia ya ngozi. Alivuka milima, akakata njia msituni, akajijengea nyumba katika nchi aliyoikuta na watu. Watu hao wakamuua. Mwalimu alimsikitikia mpaka sauti ikamshuka.

Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga milango ilikuwa mapazia tu, na jirani aliyefunua pazia bila hodi alikutana na mwiko wa mama. Kwa hivyo niliinua mkono.

"Mwalimu, alibisha hodi?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Ati nini?" mwalimu akauliza. "Msitu una mlango?"

"Si umesema ulikuwa na watu?"

"Toka nje!"

Nilisimama juani, nyayo zikiwa bado na tope la sakafu. Jua liliponichosha niliingia, nikaenda kuketi mahali pangu.

"Wewe!" mwalimu akafoka. "Unaingia tu hivyo, kwani hapa ni kwako? Rudi ubishe hodi!"

Nilirudi, nikaupiga ngumi mlango wa bati mpaka mlio ukajaa darasa zima, huku nikimtazama mwalimu usoni.

"Hodi! Hodi, mwalimu! Si hata yule mvumbuzi angesema hivi tu?"