Mwalimu Filomena Atetea Nyumba

Simwamini mtu anayekuja msibani na futi kamba. Jonas alikuja nayo. Mdogo wa marehemu Fransis, katoka Songea, na kabla hata ya chai nikamwona anapima ukuta wa sebule ya shemeji yake. Nilimchukia hapo hapo.

Shemeji mwenyewe ni Mwalimu Filomena, jirani yangu hapa Tabata, mwanamke mpole anayefundisha Kiingereza shule ya msingi. Jioni huwafundisha watoto wetu kibarazani kwake. Nilimsikia siku moja akiwaeleza kwamba Waingereza husema mtu anapigana kwa meno na kucha.

"Sisi tungesema kufa na kupona," aliwaambia. "Ni pale mtu anapotetea kitu asichokubali kukipoteza. Msije mkasema mama anafua kwa meno na kucha, nitawacheka."

Siku ya kuanua matanga minong'ono ilishajaa. Jonas anataka nyumba irudi kwa ukoo, mjane aende kwao na wanawe. Kikao cha ukoo kingekaa baada ya chakula. Mie nilikuwa jikoni, macho kwa Jonas, kila anakogeuka nipo.

Mara akatokea Albano, rafiki wa marehemu, Mhehe wa Iringa, kabeba godoro la marehemu kichwani. "Nyumba yangu hii! Mjane, toka!" Tulicheka. Wahehe na Wangoni, kabila la marehemu, ni watani, na mtani msibani hufanya atakavyo, hakasirikiwi, hupewa chochote anyamaze.

Filomena alimrukia. Alimng'ata mkono, akamparura shingo, akambwaga chini na godoro lake. "Humu sitoki! Labda mnitoe maiti!" Wanaume walimnasua kwa shida.

"Dada, ni utani!" Albano alilia, damu inamtoka.

Jonas alikuwa mlangoni, kapauka. Kikaoni alipoulizwa, akasema yeye hana neno, nyumba ni ya shemeji na watoto. Kesho yake akapanda basi.

Watu walisema maskini, uchungu umemtia wazimu hata kamsahau mtani. Niliamini hivyo, nikamwonea huruma sana. Wiki iliyofuata nikaenda kurudisha sufuria lake. Kabla sijabisha hodi nikasikia sauti ya Albano ndani, kinywa kimejaa chakula.

"Mtani, si tulikubaliana unikwaruze tu?"

"Ungelia kwa uongo," alijibu Filomena, "Jonas angejua. Ongeza nyama."