Fundi Vuai na Umeme wa Chumba cha Mchicha

Fundi Vuai anauogopa umeme. Ndiyo, fundi umeme mwenye leseni, miaka ishirini kazini, na anauogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Siku yake ya kwanza ya kazi, huko kwao Unguja, waya ulimrusha kutoka darini hadi kwenye sufuria la uji wa watu. Tangu hapo haingii nyumba yenye taa bila mabuti yake ya mpira, meusi, yanayofika magotini. Joubert Park nzima, mtaa wake wa sasa huku Johannesburg, inamjua kwa mabuti hayo. Msikitini anayavua kwa kuwa hana budi, na hata huko hukaa mbali na feni.

Lakini mcheke taratibu, maana woga huo ndio uliomfanya awe fundi wa kutegemewa. Waya aliouzika Vuai ukutani hata panya akiutafuta ataumia meno bure.

Sasa, ghorofa ya nne ya jengo moja hapo hapo Joubert Park anakaa Bi Shufaa, mjane wa Tanga aliyemwacha kaka yake huko, mwenye vyumba viwili. Kimoja analala, cha pili amepanda mchicha. Msishangae. Juni ikiingia Johannesburg baridi inababua kila jani, na Watanzania na Wakongo wakikosa mboga yao huanza kununiana ovyo. Dirisha la chumba hicho linatazama kusini, jua halilijui. Kwa hiyo Bi Shufaa alitundika taa saba za kuoteshea mimea, akaongeza feni na pampu ya kunyweshea, vyote vikinyonya umeme kwenye ekstensheni moja iliyolala sakafuni, ubavuni mwa ndoo ya maji. Akiwasha pampu, ghorofa nzima giza.

Vuai alipoitwa, alifungua mlango, akaiona ile ekstensheni, akapiga shahada hapo hapo.

"Bi Shufaa," alisema, "wewe hulimi mchicha. Unajichimbia kaburi."

"Fundi, nimekuita utengeneze au unizike?"

Alisema hivyo huku anacheka, mkono kiunoni, na maskini Vuai, mgane wa miaka minane tangu mkewe afariki, akasahau hata amekuja kufanya nini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku tatu. Akavuta waya mnene kutoka kwenye kisanduku cha umeme, wa chumba hicho peke yake, usishirikiane na jiko wala pasi. Akafunga kile kidude kinachokata umeme chenyewe, kufumba na kufumbua, maji yakigusa penye umeme. Soketi akazipandisha usawa wa kifua, zenye vifuniko. Kila waya akauacha uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni, lisiingie ndani. Taa akazifunga kwa minyororo. Nje ya mlango akaweka ndoo ya mchanga, maana moto wa umeme hauzimwi kwa maji.

Siku tatu, Vuai akazifanya wiki tano.

"Skrubu hii siipendi inavyonitazama," atasema, ataifungua, ataifunga tena. Kesho yake atarudi kuuliza kama skrubu imelala salama. Mlango unaachwa wazi kwa heshima, jirani Angélique, msusi wa Kikongo, anaketi kizingitini awe shahidi, na Bi Shufaa analeta chai na vitumbua. Vuai anakula vitatu, Angélique anakula sita. Neno lenyewe, lile moja la kumwomba mwanamke, likifika kooni linageuka kuwa habari za waya.

Jumatano, Pitchou, Mkongo msimamizi wa jengo, akamkamata Vuai kwenye ngazi.

"Papa Vuai, ile karatasi iko wapi? Ijumaa patron, mwenye jengo, anakuja. Kama hakuna karatasi ya umeme, hizi lengalenga, huu mchicha wenu, zinashuka mu barabara, na Mama Shufaa nyuma yake."

Karatasi hiyo ni cheti cha fundi kuthibitisha kwamba umeme uko salama. Akitia sahihi, Bi Shufaa anasalimika na shamba lake. Akitia sahihi, kazi imekwisha, na Vuai hana tena sababu ya kupanda ngazi zile. Usiku huo hakulala, angelala vipi?

Alhamisi baada ya alasiri akapanda na kalamu mfukoni, mguu mzito, akijisomea neno lake kimoyomoyo. Kufika ghorofa ya nne, mlango wa chumba cha mchicha umefungwa, jambo lisilopata kutokea, na moshi unafuka chini yake.

"Motooo!"

Akaruka hadi kwenye kisanduku cha korido, akazima ghorofa nzima. Angélique akatoka mbio na kitana mkononi, mteja wake nyuma, kichwa nusu kikavu nusu kinadondosha maji. Pitchou akaja anahema. Vuai akausukuma mlango kwa buti, akainua ndoo, akamwaga mchanga wote kwa nguvu za Mungu.

Moshi ulipotulia wakamwona Bi Shufaa amekaa juu ya mkeka, kanga mpya, mchanga mpaka kwenye nyusi. Mbele yake chetezo cha udi, kimezimika. Pembeni sahani ya vitumbua vya mchanga.

"Fundi," akasema polepole, akitema, "huo ulikuwa udi."

Aibu ilimpanda Vuai mpaka masikioni, na kwa kuwa hakujua pa kuificha, akaigeuza hasira. "Udi! Makaa ya moto chini ya nyaya zangu! Chumba cha mimea kinafukizwa udi wa nini, Bi Shufaa? Kwani mchicha unaolewa?"

"Mchicha hauolewi."

Akamkazia macho. Angélique akaziba mdomo kwa kitana. Vuai bado anazitazama nyaya kama ziko salama.

"Eish, Papa Vuai," Pitchou akamnong'oneza, "hata mimi nimeelewa."

"Kazi yako ilikwisha wiki ya kwanza," Bi Shufaa akasema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Nilizihesabu skrubu zako. Hizi wiki nne nimekupikia vitumbua vya nini?"

Vuai akatoa kalamu. Akatia sahihi, akampa Pitchou karatasi. Kisha akainama, mbele ya watu wote, akavua buti la kulia, akavua la kushoto, akayapanga kando ya mlango. Soksi moja ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kiko nje. Akakanyaga sakafu ya Bi Shufaa hivyo hivyo.

"Kaka yako wa Tanga," akauliza, "ana simu?"

"Anayo," Bi Shufaa akajibu, akikung'uta mchanga kwenye kanga. "Na jina lako analijua tangu wiki ya pili. Kawashe umeme kwanza, mchicha unapata baridi."