Mbegu za Mkoko Juu ya Meko

Usinifanye mwongo. Mimi ni mtu wa kabichi na karoti, nauza pale Soni, na kutunga hadithi sijui. Hiki ninachokwambia nilikiona kwa macho yangu, uani kwetu, jua halijazama, na Mama alikuwepo.

Mdogo wangu Hoza aliteremka pwani kutafuta maisha. Akapata kazi ya kukata mikoko, ile miti inayoota ndani ya maji ya bahari, iwe kuni za kuchemshia chumvi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Baadaye simu zikawa chache, na ukimuuliza ataoa lini anacheka, anauliza hali ya ng'ombe. Kisha akawa hapatikani kabisa. Nilimtuma mtu hadi kwa tajiri wake, akajibiwa kuwa aliacha kazi zamani, hakuna ajuaye alikokwenda. Mama akawa hali, halali. Mtu aliyefiwa huomboleza, siku zikaisha. Yeye angeomboleza nini, wakati hajui kama mwanawe yu hai?

Sasa sikiliza. Ilikuwa jioni ya ukungu, ule wa kwetu unaoshuka mpaka huoni choo cha jirani. Mimi nafunga karoti mafungu, Mama anachambua maharage. Nikainua macho, mwanamke amesimama katikati ya uwanja. Sikusikia hatua zake. Mbwa wetu, ambaye humbwekea hata mchungaji, alikuwa amejikunja chini ya ghala, kimya.

Alikuwa msichana tu, ana kovu dogo kidevuni, na khanga yake imelowa chapa. Miguu ilikuwa na tope jeusi hadi magotini, bichi kabisa. Wewe unayeijua njia ya kupanda kutoka Mombo, tope jeusi utalikanyaga wapi? Udongo wetu ni mwekundu. Nilishangaa, lakini mgeni huwezi kumuuliza habari za miguu yake.

Akapiga goti. "Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya Hoza."

Mama alidondosha ungo. Akauliza kama ni mzima, yuko wapi, anakula nini. Mwanamke akataja kijiji kimoja cha pwani, upande wa Tanga, akasema Hoza yuko huko, hajaondoka. Akafungua pindo la khanga, akatoa mbegu za kijani, ndefu kama maganda ya maharage makubwa, akamkabidhi Mama kwa mikono miwili. Alisema zipandwe pale Hoza alipokata, na zisikauke. Mimi nilisikia sawasawa. Mama alikuwa analia kwa furaha, sidhani kama alisikia.

Tulimkaribisha ndani. Tukamkaribisha tena. Alibaki pale pale, anatazama mlango, kisha anatazama mikono ya Mama. Nikaona ni haya ya ujana, nikaenda jikoni kumletea chai. Niliporudi na kikombe, uwanja ulikuwa mtupu. Mama alisema amegeuka tu na ukungu ukamficha. Pale alipopiga goti palibaki tope jeusi. Nililigusa, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Niamini, lilikuwa na chumvi.

Mama hakutaka habari za chumvi. Mwanawe yu hai, basi. Zile mbegu akazitunza kama mama yeyote wa milimani anavyotunza mbegu anayoipenda: alizifunga kwa kamba ya mgomba, akazitundika juu ya meko ili moshi uzikinge na wadudu mpaka siku ya safari. Ndivyo tunavyoweka mahindi ya kupanda. Nilimkumbusha maneno ya mgeni, akaniuliza tangu lini mbegu ikatunzwa majini. Hata mimi sikuwahi kuona.

Tulivuna kabichi kwanza, ndipo tukateremka. Mama hakuwahi kuiona bahari. Kijijini tulikuta kina mama wamo ndani ya matope, maji yametoka, wanapanda mikoko. Nyuma yao ufuko ulikuwa na visiki vitupu, na misingi ya nyumba zisizokuwepo. Nikamuulizia Hoza, hawakulijua jina hilo. Nikasema ni kijana wa Lushoto.

"Ah, Msambaa," akasema mmoja wao, Bi Mwanaidi, mtu mzima. Akatutafutia pa kukaa kabla ya kuendelea.

Alitueleza taratibu. Hoza alioa pale, binti yatima, Mwislamu, jina lake Mwanahamisi. Huyo mkewe ndiye aliyemwachisha shoka. Wakaanza wawili kuokota mbegu na kupanda pale alipokata, watu wakiwacheka. Lakini mkoko haukui kwa mwezi mmoja. Usiku mmoja upepo ulileta maji makubwa, na mbele ya nyumba yao hapakuwa na mti hata mmoja wa kuyapunguza nguvu. Mwanahamisi alipatikana asubuhi, wakamzika. Hoza hajapatikana hadi leo. Walitaka kuleta habari, lakini walimjua kwa jina la Msambaa tu, na simu yake ilikwenda naye. Hayo yote yalitokea muda mrefu kabla ya ile jioni ya uani.

Nikauliza huyo mke alikuwaje. Bi Mwanaidi akagusa kidevu chake, akasema alikuwa na kovu hapa.

Mama akafungua furushi lake. Mbegu zilikuwa nyeusi, zimekunjamana kwa moshi.

"Hizi zimekufa, mama," Bi Mwanaidi akasema kwa upole, akampa nyingine kutoka kwenye ndoo ya maji. Mama alipanda mpaka maji yaliporudi.

Tulikuwa njiani kurudi, tumefika Mombo, ndipo aliponiuliza, "Mbona hakuingia ndani?"

Jibu nililijua, na yeye alilijua. Kwetu nyumbani mke wa mwana haingii mara ya kwanza kwa kuitwa. Husimama uani mpaka mama mkwe atoke, amshike mkono, amwingize mwenyewe. Hoza atakuwa alimfundisha. Naye alisubiri, maskini wifi yangu.

"Na Hoza kwa nini hakuniambia?" Mama akauliza tena. "Ningemkataa?"

Mama ni mzee wa kanisa, na sote tulikua tukisikia maneno yake juu ya wanaooa nje ya dini. Nampenda mama yangu, lakini angemkataa.

Siku hizi kila mwaka naenda kupanda mikoko, mimi mtu wa kabichi. Ile michache iliyosalia, waliyoipanda wao wawili, imenipita kiuno. Mama safari haiwezi tena. Ukungu ukishuka hutoka uani, hunyosha mkono, husimama hivyo akiita mkwe wangu, mkwe wangu, mpaka nimrudishe ndani akiwa ameloa. Hakuna anayekuja.

Kwa hiyo wewe, kama una mwana mbali, na ukimuuliza habari za mke anacheka, usicheke naye. Mpigie leo. Mwambie amlete huyo mtu, awe nani awe, na utoke mwenyewe umpokee angali mzima.