Fukusi Walioitana Chini ya Mgomba

Enzi zetu, huko Masisi, mashariki ya Kongo, upande unaoshukia Walikale, mtoto aliyefika shule na miguu mikavu tulijua hakupita shambani. Tulicheza mpira wa maganda makavu ya mgomba, tukala bugali na maharagwe, na kila asubuhi tukawinda fukusi, wale wadudu weusi wanaotoboa mgomba chini hadi upepo mdogo unauangusha.

Miaka ile ya sitini shamba letu lilikuwa likianguka. "Kama iko hivi mpaka mvua ingine," Papa alisema, "nitakata yote, nipande mihogo." Mama aligeuka kuitazama migomba. Migomba ile aliachiwa na mama yake.

Mtego wetu ulikuwa kipande cha shina la mgomba, kilicholazwa penye mgomba, upande uliokatwa ukigusa udongo. Usiku fukusi wanajificha chini yake. Asubuhi unawatia kwenye maji ya moto. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nilikwangua mitego yangu hadi ikang'aa, kisha nikarudi kuhakikisha. Dada yangu Furaha alibakiza wadudu, akakimbilia mchezo. Na mitego yake ndiyo iliyojaa.

"Yako iko safi kama sahani ya padri," alinicheka. "Fukusi zinaona haya kuingia."

Nililia. Halafu nikashindwa kuacha kuwaza. Nilifungia fukusi hai katika kibuyu chenye matundu madogo, nikakiweka chini ya kipande kimoja, na kibuyu kitupu chini ya kingine. Nikarudia, nikabadilisha mahali, maana sikujiamini. Kila mara wageni walijaa penye wenzao. Hawakuonana, wala sikusikia sauti; walikuwa wakiitana kwa harufu.

"Papa, usikate kwanza," nilisema, nikimwonyesha kipande chenye kibuyu cha fukusi.

Akakiinua, akawatazama wadudu waliojaa. "Tafuta vibuyu vingine."

Msimu wa mvua uliofuata, migomba ilisimama. Papa akawaambia majirani, "Huyu mutoto wa kuogopa-ogopa njo aliokoa shamba."

Nikajifundisha kwa vitabu vya Kifaransa vilivyochakaa, na harufu ile ikawa kazi yangu ya maisha. Leo inatiwa katika vifuko, inanasa fukusi kwenye vilima ambavyo sijavikanyaga. Vijana wanatundika kifuko juu ya ndoo ya mtego, wanarudi kulala. Nawacheka, lakini ndicho nilichokitafuta. Shamba la mama lingali linazaa. Ila wao hawataijua asubuhi ile ya kuinama, vidole vikinata utomvu, ukiinua kipande bila kujua chini yake kuna nini.