Mwalimu Mizani na Nusu ya Mstari

Marehemu Mwalimu Mizani, Mungu amweke pema, hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimsalimu njiani alikuitikia, akatabasamu, akapita zake. Jina la Mizani alipewa na wanafunzi, nalo likamganda mpaka mkuu wa shule akawa analitumia kwenye vikao bila kujishtukia. Alifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya mtaani kwao, na katika Kiswahili chote kilichompendeza zaidi ni ushairi, na katika ushairi wote ni mashairi mafupi.

"Shairi refu ni nyumba yenye vyumba vingi," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake. "Mvivu akiingia humo hamtamwona tena. Fupi ni chumba kimoja na mlango uko wazi."

Alianza nao kwa tathnia, mishororo miwili tu kila ubeti. Wakiizoea aliwapandisha kwenye tathlitha, mitatu, kisha tarbia, minne. Kitu kilikuwa kile kile kimoja katika maumbo yote. Ukichagua ufagio, basi utaandika ufagio kwa mishororo miwili, kisha mitatu, kisha minne, mpaka uuote. Wanafunzi walinung'unika. Yeye aliwajibu kwamba wakipunguza ndipo watakapojua nyama ilikuwa ipi na maji yalikuwa yapi.

Mizani, yaani silabi za mstari, walihesabu kwa kugonga dawati kwa vifundo vya vidole, nane, wanatua, nane tena. Mpita njia angedhani darasa lile ni karakana ya seremala. Na ili kuwatia sikioni mwendo wa shairi, Mwalimu alikuwa na mstari wake mmoja wa kuanzia kipindi. Alisema nusu ya kwanza akanyamaza, na darasa zima likamalizia.

"Somo likishakolea..."

"Kengele hutukatiza!"

Miaka nenda miaka rudi, mstari ule ule. Hata waliokuja kuwa wazazi walikutana sokoni wakautupiana wakicheka.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, mlango wazi, na kila aliyepita alipata neno lake. Huyu Mungu alimpa maneno ya watu wawili, yake na ya mumewe. Mwalimu akianza, "Leo mkuu wa shule...", yeye alishamaliza: "Amekukera tena. Vua viatu na soksi, huyo mtu usimpe nafasi." Na tatizo ni kwamba mara nyingi alikuwa amepatia. Mwalimu alikaa, akavua viatu, akanywa chai yake. Wifi mtu, yaani dada mkubwa wa Mwalimu, ambaye baada ya kufiwa na mumewe alihamia kwao, alisema nyumba ile ina redio moja na msikilizaji mmoja, na yeye amekuja kuwa betri.

Kiharusi kilimkuta Mwalimu darasani, chaki mkononi. Hospitali walifanya waliloweza. Aliporudi nyumbani, upande wa kulia ulikuwa umelala na sauti imekwenda. Daktari alimwambia mkewe, "Maneno yenyewe yamo, mama. Njia ya kutokea ndiyo iliyobomoka. Msichoke kuzungumza naye."

Kuambiwa azungumze, huyu mama, ni sawa na kumwambia samaki aogelee. Walimwekea kitanda chumba cha mbele, karibu na cherehani, ili asiwe peke yake. Akishona, anasema. Akikata kitambaa, anasema. Mwalimu alimtazama tu, midomo ikicheza kidogo, kisha akageuza uso ukutani.

Jambo moja likawapa matumaini. Jioni moja walipokuwa katika sala, mkewe aliongoza kama kawaida, mara akasikia sauti ya tatu. Mwalimu alikuwa akisali nao, neno kwa neno, wazi kabisa, mpaka "Amina". Wifi alipiga magoti upya. Mkewe alimshika mkono mumewe akamwambia, "Mungu mkubwa. Sasa sema nami, Mwalimu. Unataka maji?" Midomo ikacheza. Maji hayakutoka. Mwalimu akafumba macho, na chozi likamtiririka mpaka sikioni.

Basi ikawa hivyo. Kwa Mungu anasema, kwa mkewe hasemi. Mama hakumwonea wivu Mungu, lakini kila sala ilipokwisha alibaki ameinamisha kichwa, akisubiri hata neno moja lililobaki limwangukie yeye.

Jumamosi moja wakaja wanafunzi wa darasa lake la mwisho, wasichana na wavulana, wamebeba maua na machungwa. Walisimama kando ya kitanda kama watu waliokosea mlango. Kiongozi wao alikuwa msichana mmoja ambaye shule nzima ilimwita Kasuku. Hata yeye siku hiyo ulimi ulimkauka. Alimtazama mwalimu wake, akatazama machungwa, na kwa kukosa la kusema akasema lililokuwa karibu.

"Somo likishakolea..."

Akanyamaza, maana nusu ya pili ilizoea kusemwa na wengi. Wenzake wakasahau kuisema. 

"Kengele hutukatiza," akasema Mwalimu.

Cherehani ilisimama. Mkewe alikuwa na suruali ya mtoto wa watu chini ya sindano, akaiacha hapo hapo. Wanafunzi waliruka wakashikana. Kasuku, machozi yakimtoka, akarudia, na Mwalimu akamalizia tena. Kisha kwa mkono wake wa kushoto akagonga ubao wa kitanda, nane, akatua, nane, akawanyooshea kidole: someni. Kumbe walikuwa wamekuja na kazi aliyowaachia. Kasuku alisoma tathlitha yake:

Kiatu kimetoboka, kidole chachungulia,
Maji yanapomwagika, unyayo unajinywea,
Kwa fundi nakipeleka, naye hunichekelea.

Mwalimu alicheka. Upande mmoja wa uso tu ndio ulioitika, lakini alicheka.

Walipoondoka, mkewe aliketi kitandani. "Haya, na mimi nimekuja kukutazama," akasema. "Na mimi sina hata neno langu moja?" Alimbembeleza, akamkumbusha hili na lile, akamwambia habari za jirani. Mwalimu alimtazama kwa macho ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Mama akaenda jikoni.

"Kwa watoto wa watu ana maneno," akamwambia wifi yake. "Kwangu bubu."

"Wale wamemjia na shairi, wifi yangu. Wewe umemjia na habari za jirani."

"Shairi nitalitoa wapi mimi? Mimi natoa sare."

Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alimvuta Kasuku pembeni kabla hajaingia. "Mwanangu, nifundishe," akasema. "Kile cha mishororo miwili kinanitosha. Sina tena umri wa kujifunza minne."

Kasuku alimfundisha penye cherehani. Akamwonyesha kwamba mshororo una vipande viwili, cha kwanza nane, cha pili nane. Akamfundisha kugonga. Mama aligonga kwa gurudumu la cherehani, kwa mkasi, kwa kijiko kwenye sufuria. Wiki nzima wifi alikula chakula kilichohesabiwa mizani. Kisha asubuhi moja mama akajipanga mbele ya kitanda, akasema, "Chai imeshapoa sasa, amka basi unywe."

Mwalimu aligonga ubao taratibu akihesabu. Akatikisa kichwa.

"Nini tena?"

Akagonga upya: tisa. Akainua kidole kimoja. Imezidi moja. Kisha kipande cha pili: saba. Akakunja uso.

"Mgonjwa anasahihisha," akasema wifi kutoka mlangoni. "Pole, wifi. Umepata sifuri kwa chai."

Siku zikapita hivyo. Mama alileta mistari, mumewe akagonga na kutikisa kichwa, mama akarekebisha, mumewe akaitikia kwa kichwa. Mistari ikanyooka. Lakini jibu halikuja. Siku moja alileta tathnia nzima, mishororo yote miwili, mizani sawa, vina sawa, akaisema bila kukosea hata kidogo. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Basi.

Mama akatupa kitambaa mezani. "Sikuja kutafuta alama, Mwalimu," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida yake. "Nimelala na wewe nyumba moja miaka yote hii. Nijibu. Hata kwa kunitukana, nijibu."

Mwalimu alifungua mdomo. Ukabaki wazi, mtupu. Mama akajuta, akamfunika shuka vizuri, akatoka kwenda kulilia uani penye nguo zilizoanikwa, mahali ambapo kila mwanamke wa nyumba ile alikuwa na zamu yake.

Kasuku alipokuja aliambiwa yote. Akaomba asikie hiyo tathnia. Mama akaisema. Msichana akafikiri, akajikuna shingo.

"Mama, nikikuambia hutanikasirikia?"

"Sema."

"Umemaliza yote. Yeye aseme wapi?"

Wifi alianza kucheka, akajizuia kwa kiganja. Mama alimtazama yule mtoto. Akamtazama mumewe pale kitandani, mtu aliyekunywa chai yake kimya miaka yote huku sentensi zake zikimaliziwa na mwingine.

"Kumbe," akasema.

Kusema nusu na kunyamaza ni kazi nyepesi kwa wengine. Kwa mama ilikuwa kama kubana pumzi. Mara ya kwanza alisema nusu yake, akahesabu moyoni, na kabla hajafika mbali mdomo wenyewe ukamalizia. Mara ya pili vivyo hivyo. Ikabidi atumie ujanja wa ufundi wake. Asubuhi iliyofuata alichota pini kwenye kijaluba, akasogea kitandani, akasema, "Chai imepoa sasa," kisha akazibana zile pini katikati ya midomo kama anavyofanya akipinda suruali. Mwenye pini mdomoni hasemi, labda awe amechoka na ulimi wake.

Akasubiri. Mvuke wa chai ulikwisha. Nje watoto walipita wakigombania mpira, wakapotea. Wifi akaingia, akaona, akataka kusaidia, akafungua mdomo, na mama akamkazia macho mpaka akarudi kinyumenyume alikotoka. Vidole vya kushoto vya Mwalimu vilianza kugonga shuka. Moja, mbili, tatu.

"Nipe..." Akameza mate. Akaanza tena tangu mwanzo, kwa mwendo. "Nipe kidogo nionje."

Mama hakuweza kulia wala kucheka wala kumshukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu ya pini. Alizitema mkononi moja moja, akamnywesha ile chai iliyopoa mpaka tone la mwisho.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilizungumza kwa nusu. Mama alisema, "Nguo zingali kambani," akabana pini, na baada ya kitambo Mwalimu akajibu, "Mawingu yamekutana." Wifi naye akajitosa: "Ndugu yangu, wanijua?" Jibu lake likaja haraka kuliko yote: "Dada yangu wa kelele." Alilitangaza mtaa mzima kwa fahari. Jumamosi wanafunzi walijaa chumba cha mbele na tathnia zao na tarbia zao, wakigonga cherehani, meza, ukuta. Mwalimu aliwasahihisha kwa mkono mmoja. Aliyeleta ubeti wa minne wenye maji mengi alionyeshwa vidole viwili: kapunguze. Mama alipitisha machungwa na kujidai hasikilizi.

Si yote yaliyopita katika njia ile. Mahali panapomuuma hakuweza kupasema. Wala hakuwahi kuanza yeye. Alimalizia tu kile alichoachiwa, na mama akajifunza kumwachia, na hilo akalipokea kama riziki ya siku, akishukuru asubuhi na jioni bila kuuliza la kesho. Ila moyoni, Mungu ndiye aliyejua, kulikuwa na kitu alichokingojea bado. Alitaka siku moja neno liondoke kwa Mwalimu, kwa hiari yake, limjie yeye.

Mwezi wa mvua kubwa Mwalimu alianza kurudi nyuma. Chakula hakikupita vizuri. Wanafunzi waliombwa waje wachache wachache. Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika, wifi amekwenda kununua mkaa, na mama anapinda ukosi wa shati la shule, pini mdomoni. Akasikia vidole vikigonga ubao wa kitanda. Akadhani anahesabu mstari wa zamani. Akaendelea na ukosi.

"Nimechoka, mke wangu."

Akageuka. Mwalimu alikuwa amenyamaza, anamtazama, na mkono wake wa kushoto umetulia juu ya shuka, umefunguka. Alikuwa anasubiri. Amesema nusu, na nyingine amemwachia.

Mama alitoa pini mdomoni. Yeye aliyemalizia maneno ya kila mtu hakuwa na la kumalizia. Kila lililomjia lilikuwa refu: kwamba asichoke, kwamba daktari amesema, kwamba wanafunzi wake wanamngoja, kwamba yeye atabaki na nani.  Na Mwalimu hakumharakisha. Alimngoja kama alivyongojwa yeye, bila kugeuza uso.

Mama akaketi kitandani, akaweka mkono wake ndani ya ule uliofunguka.

"Lala, mimi nipo hapa."

Mwalimu akafumba macho. Uso wake, ule upande ulioweza, ukalegea. Wifi aliporudi na mkaa aliwakuta hivyo hivyo, akajua asiseme kitu, akaenda kuwasha jiko. Baada ya hapo Mwalimu hakusema tena ila katika sala, na kabla juma halijaisha, asubuhi, wakiwa katikati ya sala, sauti ya tatu ilikoma. Wale wawili waliendelea mpaka "Amina", ndipo wakamfunika.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, wifi na wifi yake walibaki uani wakikunja viti vya kuazima. Mama akamsimulia habari za alasiri ile.

"Alianza mwenyewe?" akauliza wifi.

"Mwenyewe."

"Na wewe ukamjibu?"

"Nikamjibu."

Wifi akakunja kiti, akakiegemeza ukutani. "Mizani yako ilitimia?"

"Sikuhesabu," akasema mama, akachukua kiti kingine.