Majembe ya Kumshukuru Mama Athanasie

Katika vilima vya Masisi, mama aliyeacha magugu karibu na nyumba yake husengenywa mtoni mpaka maji yanajaa ndoo na kumwagika. Mama Athanasie alisengenywa kwa zaidi ya miaka kumi, wala hakuonyesha kujali hata kidogo.

Si kwamba alikuwa mvivu! Maharagwe yake yalikuwa safi kuliko ya wengi waliomsema. Lakini nyuma ya nyumba alikuwa na kipande cha ardhi ambacho mpita njia angeapa kuwa ni pori lililosahaulika. Yote yalianza miaka ya vita, msitu wa ng'ambo ulipofyekwa ili ipandwe pareto. Athanasie alikwenda huko kutafuta muravumba, mmea ambao mama yake alikuwa akimchemshia kwa kikohozi, akakuta majivu matupu. Alirudi nyumbani amekasirika kweli kweli. Tangu hapo, kila aliposikia kwamba mashoka yanakwenda mahali fulani, yeye alitangulia na kikapu, akachimbua miche pamoja na udongo wake na kuihamishia kwake.

Hata dada yake Généreuse, aliyeolewa Walikale, hakupata raha. Kila alipotaka kuja kusalimia, aliagizwa mmea wa misitu ya kule, na mingi ilikufa kwa baridi ya Masisi. Athanasie alinuna siku mbili tatu, kisha akaagiza mingine.

Mume wake, Papa Sebahire, aliwaambia wageni, "Mimi nilioa bibi moja tu, lakini niko naishi na pori muzima."

Basi mwaka wa 1954 chama cha bustani cha akina mama wa parokia kiliamua kumpa Athanasie heshima. Alikuwa mwanachama tangu kianze, na wengi walijifunza kupanda mboga kwake. Mwenyekiti, Mama Libérata, alisema ni aibu kumshukuru mtu kama huyo kwa maneno matupu. Na kwa akina mama wale, shukrani ya kweli ilikuwa jembe: mnakwenda bila kuitwa, mnamlimia mwenzenu, mnaliacha shamba lake jeupe kama ua uliofagiwa.

Jumamosi waliyoichagua, Athanasie hakuwapo nyumbani. Alikuwa amesikia kwamba Jumatatu vibarua wataanza kufyeka mteremko wa juu ya kijito, msitu wa mwisho uliobaki karibu. Tangu alfajiri alichimba peke yake, mgongo ukimuuma, na alikuwa hajamaliza hata pembe moja ya msitu. Aliposhuka na kikapu cha kwanza kichwani, alisikia nyimbo zikitoka kwake. Nyimbo tena! Halafu akayaona majembe yakipanda na kushuka nyuma ya nyumba.

Alikimbia. Mama mzima, kikapu kichwani, alikimbia kama msichana.

"Acheni! Acheni, ba mama!"

Libérata alimpokea kwa kicheko. "Mama Athanasie, leo weye utaikala tu. Sisi njo tutalima. Tunakuja kukushukuru!"

"Musikate kitu! Hii haiko majani ya bure. Hii njo bustani yangu!"

Majembe yakasimama. Mstari mzima wa kando ya ua ulikuwa umekwisha kulala chini. Libérata aliokota tawi moja, akalisugua, akalinusa, na uso wake ukabadilika.

"Hii iko muravumba? Ile mama yangu alikuwa anatupikia wakati ya kikohozi?"

"Njo yenyewe."

"Nilizani ilishaisha." Macho yalimlowa. "Tulikuja kukufurahisha, tunakuharibia. Sasa tukufanyie nini?"

Athanasie aliyatazama yale majembe, mengi, makali, akaukumbuka ule mteremko. Miaka yote hiyo hakumwomba mtu msaada, akiogopa kuchekwa.

"Munifuate," alisema. "Na majembe yenu."

Ee, ungewaona! Walipanda ule mteremko wakiimba. Walipoingia chini ya miti, nyimbo zikageuka kelele, maana kila mama aliona jani alilolijua utotoni. "Angalia hii! Na hii!" Walichimba, wakajaza vikapu, na vikapu vilipokwisha wakafungia udongo katika vitambaa vyao. Jioni mimea ilikuwa mingi kuliko ardhi ya Athanasie, kwa hiyo kila mmoja akaenda na yake nyumbani.

Jumatatu mashoka yalianza kulia. Athanasie aliyasikia na yalimuuma, lakini hakukaa kulia. Alishika njia, akapita nyumba kwa nyumba kuona miche imelalaje. Kwa Libérata alikatiza moja kwa moja uwanjani, kama alivyozoea.

"Mama Athanasie!" Libérata alitoka mbio na jembe mkononi. "Angalia miguu yako! Utanikanyagia mimea yangu!"

Athanasie akabaki na mguu mmoja juu, akicheka mpaka machozi yakamtiririka.