Diski Iliyofuata Giza la Mwezi

Sikuombi uniamini. Mtu akiniapia jambo huwa ndipo ninapozidi kumtilia shaka, kwa hiyo na mimi sitakuapia. Nitakueleza tu nilichokiona nikiwa macho, taa ikiwaka, isha bado haijaadhiniwa, sebuleni kwa mama yangu hapa Rusimbi, Ujiji. Kama una maelezo mengine, niletee. Nitafurahi kuliko unavyodhani.

Nilisoma takwimu chuo kikuu. Nilipomaliza nilirudi Ujiji kusubiri ajira, na kusubiri kulipozidi nikaigeuza sebule ya mama kuwa kibanda cha gemu: runinga moja, mashine moja, mabenchi mawili. Wateja wangu wengi ni vijana wanaovua dagaa. Kama hujui ziwa letu, dagaa huvuliwa gizani. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata, nyavu zinawakusanya. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaioni tena taa kuwa kitu, na wavuvi wanabaki nchi kavu. Siku hizo za mbalamwezi ndizo mavuno yangu mimi. Giza likirudi, kibandani nabaki na mende.

Mdogo wangu Yasini alikuwa mmoja wa vijana hao. Kwenye gemu ya mpira alitengeneza timu yake mwenyewe na kuwapa wachezaji majina ya watu wa chombo chake. Yeye alikuwa golikipa. Bukuru, rafiki yake wa Buzebazeba, alikuwa nahodha. Mimi akaniweka benchi.

"Kaka msomi, utaniwia radhi," aliniambia mbele ya watu. "Timu hii hachezi mtu asiyejua kuogelea."

Walicheka wote. Nilicheka na mimi, maana kweli sijui kuogelea, nimezaliwa hatua chache kutoka ziwani na sijui.

Upepo uliwapindua usiku mmoja wa giza. Bukuru aliokolewa akiwa amekumbatia dumu tupu. Yasini na wenzake hawakuonekana hata nguo. Tulisoma dua bila jeneza. Watu wengine wana kaburi la kwenda kulipalilia. Mama yangu alianza kuja kibandani. Anakaa mwisho wa benchi, ananiambia, "Mweke Yasini acheze." Nilikuwa naiweka ile timu, mama anaangalia jina la mwanawe likiandikwa juu ya kichwa cha golikipa, halafu anaondoka kwenda kupika.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu kila kitu kinategemea jambo hili. Mashine yangu huweka vitu viwili mahali tofauti. Gemu zenyewe, ambazo ni kubwa mno, unaweza kuzihamishia kwenye diski ya nje, ile vijana wanayoiita eksteno. Lakini timu uliyoitengeneza, mahali ulipofika, ushindi wako, hivyo hubaki ndani ya mashine. Haviendi kwenye diski ya nje. Hata ukitaka, haviendi.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikatoa harufu ya plastiki. Fundi aliifufua kwa kuutoa moyo wake na kuweka mwingine, diski ndogo mpya ya ndani. Timu ya Yasini ikawa imekwenda na ule wa zamani. Nilimweleza mama. Hakulia. Alisema, "Basi," akaacha kula vizuri.

Diski mpya ilikuwa haina nafasi ya gemu zangu, nikaenda Kigoma mjini kutafuta ya nje. Najua kuchagua. Usichukue zile kubwa zenye plagi yake ya ukutani, umeme wetu utaziua. Chukua ndogo inayokula umeme kutoka kwenye mashine. Hakikisha ni ya USB ya kasi, la sivyo mashine itaikataa. Usiipitishe kwenye kigawanyio cha USB, ichomeke moja kwa moja, kwa waya mfupi. Itikise karibu na sikio, ikigonga, iache. Nilipata moja iliyotumika kwa muuzaji wa vifaa vya mtumba. Ilikuwa nzima, haigongi, ila nzito kidogo kuliko nilivyotarajia. Nilimuuliza imetoka wapi. Akasema vitu hivi vinakuja tu. Niliifomati mara mbili. Ilikuwa tupu, nasema tupu kabisa.

Ikafanya kazi vizuri. Kisha mwezi ukakua, wateja wakajaa, na mashine ikaandika kwamba hakuna diski iliyochomekwa. Nikabadili waya. Nikabadili tundu. Nikafuta vumbi, nikazima mashine, nikaichomoa ukutani ikapoa. Nikaijaribu kwenye kompyuta ya jirani: haionekani. Vijana wakazomea, wakaenda kwingine. Mwezi ulipofifia, ile taa ndogo ya bluu ikawaka yenyewe na gemu zote zikawepo.

Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Na uliofuata. Mimi nilitafuta sababu zinazotafutika: joto, mzigo wa umeme, wingi wa watu chumbani. Bukuru alikuja siku moja ya mbalamwezi, akanikuta nimeinama na bisibisi.

"Msomi, acha kuitesa," alisema. "Hiyo diski ni mvuvi. Mwezi mkubwa inapumzika, giza inatoka. Uipe na mgawo wa dagaa."

"Bukuru, nenda kalale."

"Ego, sawa, naenda. Lakini wewe hesabu mwenyewe, si ndiyo kazi uliyosomea?"

Nilikuwa nimeshahesabu. Ndiyo maana nilikasirika.

Jioni niliyokuja kukueleza ilikuwa ya giza, kiangazi, barabara imejaa vumbi. Magharibi ilikuwa imepita na vyombo vyote vilikuwa vimetoka. Nilikuwa peke yangu. Akaingia mtu mzima amevaa koti la mvua la wavuvi, na koti linatiririka maji. Nilichungulia nje. Kukavu. Nikajiambia labda ametoka kuoga ziwani na nguo zake. Mtu huoga na koti la mvua?

"Nafasi ipo?" aliuliza.

"Ipo, mzee. Watu wote wako ziwani."

"Najua," alisema, akakaa. "Weka ya nje."

Sikumwambia kwamba nina diski ya nje. Niliwasha gemu ya mpira nikampa padi ya kuchezea. Hakuishika kama wachezaji wanavyoishika. Aliizungushia viganja viwili kama mtu anayejipasha moto kwa kikombe cha chai, na sikuona kidole hata kimoja kikibonyeza. Lakini kwenye kioo vitu vilifunguka, kimoja baada ya kingine, mpaka ikatokea timu ya Yasini. Jezi ile ile ya njano. Golikipa: Yasini.

Nilisimama. Nikaenda kuangalia nyuma ya mashine, kana kwamba jibu lingekuwa kule. Nilijisikia nikisema kwa sauti, "Haiwezekani, hii haikai kwenye diski ya nje." Yule mtu hakugeuka.

Nadhani ni sauti yangu iliyomtoa mama jikoni. Alisimama mlangoni na kijiko cha mboga mkononi. Aliona jina. Akaja akakaa mahali pake mwisho wa benchi, hakuuliza mgeni ni nani. Akaanza kuwasoma wachezaji wengine mmoja mmoja, polepole, kwa sababu hakusoma sana. Wawili walikuwa wenzake Yasini waliopotea naye. Waliobaki mimi sikuwajua.

"Huyu ni mtoto wa jirani yetu wa zamani," alisema. "Ziwa lilimchukua mimi bado sijaolewa. Na huyu… huyu ni mjomba wake baba yenu. Alizama akienda ng'ambo. Nani kakutajia hawa?"

Hakuna aliyenitajia. Wote kumi na mmoja mama aliwajua, na wote waliishia majini. Benchi kulikuwa na majina mawili tu, la Bukuru na langu.

Utasema mtu yeyote wa Ujiji angeweza kuyajua majina yale. Nimelifikiria hilo. Nimefikiria pia kwamba kuna mtu alitaka kunichezea akili. Basi mtafute, uniambie aliwezaje.

Kipindi cha pili kilipoanza, yule mtu alisema, bila kumwambia mtu, "Huyu amechoka." Mchezaji mmoja akatoka, yule mjomba wa zamani. Akaingia Bukuru. Mama alipiga makofi, kwa sababu alimpenda Bukuru. Kisha isha ikaadhiniwa, mgeni akaiweka padi kwenye benchi, akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni. Njia nyeupe kwa vumbi, hakuna mtu, hakuna hata tone. Padi ilikuwa imelowa, na katikati ya vitufe vyake kulikuwa na magamba madogo ya dagaa.

Asubuhi nilimfuata Bukuru mwaloni, pale vyombo vinapoegeshwa, akitandaza nyavu. Nilimweleza yote. Nilijisikia mjinga, lakini nilimweleza. Alisubiri kidogo, kama nitacheka. Sikucheka.

"Wewe? Wewe uliyebishana na ustadhi habari za majini, leo unapiga ramli?"

"Usitoke usiku wa leo. Nakuomba, Bukuru. Leo tu."

"Na kesho?"

Nilishika ncha ya wavu wake, sikuiachia. Akaacha utani.

"Mimi lile dumu nililoshika siku ile," alisema, "Yasini ndiye alinisukumia. Sijamwambia mama yenu. Sawa. Leo sitoki."

Nilirudi nyumbani kuifuta ile diski. Mama alikuwa ameshaushika waya wake kwa mikono miwili.

"Unataka kumzamisha mwanangu mara ya pili?"

Ungemjibu nini? Nilimweleza kuhusu Bukuru. Alisema Bukuru yu hai, ana miguu, ataambiwa akae nyumbani. Yasini hana pengine. Nilingoja mpaka alipoingia kuswali alasiri, nikaifomati. Nilibaki nikiangalia ule mstari ukijaa mpaka mwisho. Ikawa tupu. Nikaichomoa, nikaifungia kabatini.

Bukuru alitimiza ahadi. Usiku ule alilala kwake Buzebazeba. Kulipopambazuka vyombo viliporudi, aliteremka kuwasaidia wenzake kushusha dagaa, kazi ya kila siku. Maji yalimfika magotini. Walisema aliteleza katikati ya vyombo viwili na hakunyanyuka, na walipomgeuza alikuwa ameshakwenda. Labda alijigonga. Labda ni moyo. Maji ya magotini, nakwambia, mahali watoto wanapooshea sufuria.

Tuliporudi kutoka kumzika, nilimkuta mama sebuleni. Alikuwa amefungua kabati na kuchomeka diski mwenyewe, mama ambaye siku zote huniita mimi nimwashie redio. Timu ilikuwepo. Bukuru alikuwa kati ya wale kumi na mmoja, na kitambaa cha unahodha mkononi. Benchi lilibaki na jina moja.

Najua unachotaka kuniambia. Ivunje kwa nyundo. Niliinua nyundo. Mama hakunizuia, alikaa chini na kuanza kulia ule msiba ambao hakuulia siku ya dua bila jeneza, na mkono wangu ukashuka. Itupe ziwani? Si ndiko inakotoka. Iuze? Kwa nani ambaye sitamhurumia?

Tangu siku hizo mama anakula. Anapaka wanja. Mwezi ukifa anafuta vumbi runinga kabla sijaamka. Kibanda nimekifunga kwa wateja, lakini giza likiingia tunakaa wawili, na baada ya magharibi benchi linapiga kelele pale katikati yetu, kama mtu mzito amekaa. Sigeuki. Ninaangalia kioo na kusubiri kama jina langu litahama.

Ziwani siendi. Hata mwaloni nimeacha kupita. Naoga kwa maji ya ndoo, tena kidogo, nimesimama. Halafu namkumbuka Bukuru na yale maji ya magotini, nagundua ndoo nayo ina kina cha kutosha.

Kwa hiyo wewe unayetafuta diski ya gemu, nunua mpya. Ya mtumba ukiishika ukaiona nzito, irudishe mezani uondoke. Ikianza kukataa mbalamwezi na kuwaka gizani, usibadili waya, usibadili tundu, usijifanye fundi. Itoe nyumbani mapema, kabla mtu unayempenda hajaona ndani yake jina analolitafuta. Baada ya hapo hutaweza. Mimi nimesoma, na sikuweza.

Mwezi umeanza kupungua tena wiki hii. Jana mama alikuwa anashona, akanitazama kwa upendo wote alionao, akaniuliza kama anayeuliza habari za harusi:

"Na wewe watakuingiza lini, mwanangu? Nataka niwaone wote wawili."